Muulize Fundi: Stika za kaseti za gemu zimechakaa, nibandue zote?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina kaseti 11 za TV gemu, zile za njano, tulikuwa tunacheza mimi na kaka zangu tukiwa shule ya msingi. Juzi mama kazitoa stoo, mashine inawaka na kaseti karibu zote zinasoma, shida ni stika. Nyingine zimebanduka nusu, nyingine zimebaki weupe tu huwezi kujua picha ilikuwa ya nini. Nataka nibandue zote niweke mpya. Gundi naitoaje na stika nachapishia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mpe mama hongera kwa kuzitunza, wengi wetu zetu zilienda na takataka siku ya kuhama nyumba. Ila kabla hujashika wembe nakuomba sana, usibandue hata moja mpaka umezipiga picha zote, hata ile unayoona imekwisha kabisa.

Sababu ni hii. Kampuni ya Nintendo walitoa mashine yao ya gemu ya Famicom kule Japani mwaka 1983, kaseti yake ina pini 60, baadaye viwanda vingine vya Asia vikatengeneza mashine zinazokubali kaseti za pini hizohizo na ndo hizo zilizojaa mitaani kwetu. Sasa kaseti ya Nintendo yenyewe ikipoteza stika sio msiba, watu walishaziskani siku nyingi unazipata mtandaoni safi kabisa. Hizi zetu za nakala kila kiwanda kilichora cha kwake, unakuta nje wamebandika picha ya Contra, lile gemu la askari wa kupiga risasi, ndani ni gemu la vifaru, au imeandikwa 64 in 1 ukihesabu gemu hazifiki kumi zinajirudia kwa majina tofauti. Hiyo picha ikishachanika inawezekana kabisa hakuna sehemu nyingine duniani utaipata. Kwahiyo peleka steshenari wakuskanie doti 600 kwa inchi, kaseti iwekwe kifudifudi kwenye kioo, afu jitumie faili kwenye email.

Ukishamaliza hapo zichambue. Iliyobanduka pembeni tu usiitoe, chukua njiti ya kiberiti chovya gundi nyeupe kidogo pitisha chini ya ile kona, funika na nailoni, weka kitabu kizito mpaka asubuhi. Ninayo moja hapa mezani kona ya kulia imeliwa yote kwa vidole maana ndo tulikuwa tunashikia hapo kuichomoa, na chini kuna herufi ya kwanza ya jina la kaka kwa peni ya bluu, aliandika kwa sababu kaseti ilikuwa inaazimwa mtaa mzima haijulikani italala kwa nani. Hiyo siibadilishi ng'o.

Zile zilizobaki weupe ndo ubadilishe. Fungua kaseti kwanza utoe bodi, kule ndani utakuta kibao kidogo tu cha saketi chenye tone jeusi gumu, hilo tone ndo limefunika chipu usilichokonoe. Ganda lipulizie draya ya nywele moto mdogo, stika inalegea unaivuta taratibu kwa kuilaza, sio kuinyanyua juu. Gundi iliyobaki paka mafuta ya kupikia uache robo saa, sugua na kitambaa, osha na sabuni, ikikauka malizia na spiriti. Tafadhali sana usitumie dawa ya kutolea rangi ya kucha, nyingi zina asetoni na asetoni inayeyusha hiyo plastiki, utabaki na doa la ukungu halitoki tena.

Kuchapa, nenda kwa wale wanaotengeneza stika za bodaboda, wana ile stika ya plastiki na nailoni ya kubandika juu bila moto. Karatasi ya stika ya kawaida kwenye printa ya inki ya maji usikubali, jasho la vidole vya watoto likigusa tu rangi inatembea. Pima kile kibonde cha kwenye kaseti stika inapokaa kwa rula, kwa milimita, afu mwambie fundi achape ukubwa halisi, asiache kompyuta ijaze ukurasa yenyewe maana hapo ndo wengi wanaharibu, stika inatoka kubwa kidogo inapanda ukingoni, na ikishapanda ukingo wiki mbili tu imeanza kubanduka. Chapa moja kwenye karatasi ya kawaida ujaribishe kwanza. Na kona zikate ziwe za duara, kona kali ndo ya kwanza kunyanyuka.

SWALI: Fundi mambo, niko Mombasa. Nina kaseti ya Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, orijino ya gemu la Pokémon, stika imechubuka. Nikiweka mpya halafu niiuze, kuna ubaya?

JIBU: Poa kaka. Kubandika hakuna ubaya, kumficha mnunuzi ndo ubaya, mwambie wazi stika ni mpya na ile ya zamani mpe kwenye bahasha. Wanaokusanya watajua tu, stika orijino za Game Boy zina tarakimu mbili zilizogandamizwa kwenye karatasi, ukiinamisha kwenye mwanga unaziona. Mimi ningekuwa wewe ningeiuza ilivyo, wengi wao wanaitaka orijino hata ikiwa imechubuka. Ukiamua kubadilisha, kaseti ya Pokémon ya wakati ule ina betri ya duara ndani inayoshikilia gemu ulilosevu, kwahiyo usiielekezee draya bodi ikiwa bado ndani, na hiyo betri ukiitoa tu safari yote uliyocheza imefutika.