Pimbi sio panya mkubwa

Pimbi, yule mnyama mdogo wa manyoya wa kwenye mawe, sio panya mkubwa wala sungura aliyekosa mkia, najua mtaani tunamweka huko sababu ya saizi na manyoya ila wanasayansi wanaangalia ukoo, nani katoka kwa babu mmoja na nani, na hapo ndugu zake wa karibu kabisa walio hai ni tembo na nguva, ndio tembo huyuhuyu!

Ukimkuta kwenye mawe ya Serengeti anapiga miayo mcheki meno ya juu, yale mawili marefu yaliyochongoka ni meno ya mbele, na pembe za tembo nazo ni meno ya mbele yaliyorefuka, wakati za ngiri ni chonge. Vidole vya pimbi karibu vyote vina kucha bapa zinazofanana na kwato. Halafu mimba yake inakaa miezi saba hivi, panya wiki tatu tu kashazaa. DNA nayo imethibitisha undugu wake na tembo.

Na sange, yule mdogo wa pua ndefu ambaye wengi wanamwita panya, naye yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya yeyote wa nyumbani kwako.