Umefika Santiago kwa miguu, zimebaki euro 240 na siku 9

Dada, hongera sana kwa kufika Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania. Umesema ndege yako inaondoka Madrid, miguu imechoka na pesa ni kidogo. Zitatosha ukijibana.

Kata tiketi ya basi la Madrid leo, kabla bei haijapanda. Zilizobaki zigawe kwa siku.

Usikae Santiago muda wote. Panda basi uende Finisterre, kilomita 90 hivi, ukapumzike kando ya bahari. Hosteli za serikali ya Galicia, jimbo lenye Santiago, huwapa kipaumbele wanaotembea, tena usiku mmoja tu, kwa hiyo tafuta hosteli ya binafsi yenye jiko. Jiko ndilo lililoniokoa mimi. Nilichemsha dengu, nikaunga kwa kitunguu na nyanya, jirani wa dabodeka akaleta mchele, tukashiba watu wanne.

Kabla ya kutandika, mulika mishono ya godoro kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi ni kunguni, omba chumba kingine. Begi lisipande kitandani. Pasipoti lala nayo.

Ukiahidiwa kitanda cha bure kwa kufua mashuka, kataa: viza ya utalii hairuhusu kazi. Hakiki pia idadi ya siku ulizopewa.

Malengelenge yatapona. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kupata joto, nenda hospitali kabla ya kupanda ndege. Huenda damu imeganda. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, piga 112 papo hapo.