Mwalimu Anajibu: Jenerali aliyeipiga ikulu mizinga

SWALI: Mwalimu, habari za siku nyingi. Mimi ni mfanyabiashara wa Kikuubo, nauza vyombo vya nyumbani kwa jumla, na mara mbili kwa mwaka naenda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Safari iliyopita kontena lilichelewa kufungwa, nikabaki na siku nzima bila kazi. Kijana anayenitafsiria akanipeleka kuona jumba kubwa lenye paa la vigae vya buluu, na mbele yake sanamu ya Sun Yat-sen. Akaniambia hapo ndipo palipokuwa ikulu, na kwamba jenerali mmoja msaliti, Chen Jiongming, aliipiga mizinga usiku. Nikamuuliza, ugomvi ulikuwa wa nini? Akasema jenerali alitaka kila jimbo lijitawale. Mwalimu, mimi ni Muganda. Neno hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Mtu akitaka kwao wajitawale, huo ni usaliti? Na la pili: nikirudi, kuna kitu chake cha kuona, au walifuta kila kitu?
Mama wa Kikuubo, Kampala

JIBU: Mama, kuhusu mahali kijana wako hakukosea. Jumba lile lilimalizika mwaka 1931, na limesimama pale pale ilipokuwa ikulu ya Sun, mwanamapinduzi aliyekuwa rais pale Guangzhou, iliyopigwa mizinga usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 16 Juni 1922. Kwenye neno "msaliti" ndipo mimi na yeye tunapoachana.

Tuanze na mtu mwenyewe. Chen Jiongming alizaliwa mwaka 1878 huko Haifeng, pwani ya jimbo la Guangdong, ambalo Guangzhou ni mji wake mkuu. Hakukulia kambini. Alisoma vitabu vya kale, akafaulu mtihani wa serikali ya kifalme, kisha akasomea sheria mjini Guangzhou na kuhitimu mwaka 1908. Mwaka uliofuata akaingia katika baraza la jimbo, na hoja aliyoing'ang'ania humo ilikuwa kupiga marufuku kamari. Bunduki alizishika baadaye, mapinduzi ya 1911 yalipokuja kuuangusha ufalme, akakusanya wapiganaji na kuuteka mji wa Huizhou. Wapo wababe wa vita (majenerali waliojigawia vipande vya nchi) waliotoka ujambazini, kama Zhang Zuolin wa Manchuria. Huyu alikuwa mwanasheria, na nchi ilipovunjika alijikuta ameshika jeshi.

Na ilivunjika kweli. Yuan Shikai, jenerali aliyepewa urais wa jamhuri changa, alijaribu kujitawaza mfalme, akashindwa, akafa Juni 1916. Baada yake kila mwenye jeshi alibaki na kipande chake. Chen alipata chake mwaka 1918, wilaya za kusini mwa Fujian, makao yake mjini Zhangzhou. Kipande kidogo tu, lakini alikitumia kama shamba la majaribio: barabara za magari, bustani ya watu wote, shule, gazeti. Oktoba 1920 alirudi Guangdong na jeshi lake, akawafukuza majenerali wa Guangxi waliokuwa wamelikalia jimbo, akawa gavana. Naye Sun Yat-sen, aliyekuwa Shanghai bila nchi wala jeshi, alirudi Guangzhou kwa sababu Chen alikuwa amemfungulia mlango. Walikuwa watu wa harakati moja tangu enzi za kupinga ufalme. Hilo naona kijana wako alilisahau.

Mwaka 1921 ndio wa kuutazama kwa makini, maana humo Chen alionyesha anachotaka. Tayari alikuwa amepiga marufuku kamari katika jimbo zima, lile jambo alilolidai barazani tangu siku za ufalme. Guangzhou ikapata halmashauri ya jiji yenye meya. Wilaya zikapiga kura kwa ajili ya wakuu wao (sisi huku wakuu wa wilaya tunaletewa, kwa hiyo sidharau hatua hiyo). Jimbo likaandika katiba yake. Jirani zao wa kaskazini, Hunan, walishatangulia njia hiyo, na katiba yao ilitangazwa tarehe 1 Januari 1922. Chen na wenzake walikuwa na hoja moja: majimbo yajisimamie kwanza, yapate katiba na mabaraza, kisha yakae pamoja na kuunda China moja kwa mapatano. Hakuna mahali alipotaka kujitenga.

Sun aliona kinyume. Mei 1921 aliapishwa rais mjini Guangzhou na wabunge wachache waliokimbilia kusini, na akili yake yote ilikuwa kaskazini: kukusanya jeshi, kupanda hadi Beijing, kuiunganisha nchi kwa nguvu. Vita hivyo vilihitaji askari na fedha, na vyote viwili vilikuwa vya Guangdong. Gavana anataka kujenga shule, rais anataka risasi, hazina ni moja. Aprili 1922 Sun akamwachisha Chen ugavana, na Chen akaenda zake Huizhou. Mwezi Juni rais wa Beijing, maana nchi ilikuwa na marais wawili, alijiuzulu, na maofisa wa Chen wakasema basi naye Sun ajiuzulu ili nchi irudi kuwa moja. Sun akawajibu mbele ya waandishi wa habari kwa kuwatishia mizinga ya gesi ya sumu. Siku chache baadaye mizinga ililia kweli, ila ilikuwa ya upande wa pili.

Kamanda usiku ule alikuwa Ye Ju. Chen mwenyewe alikuwa Huizhou, na wanaomtetea hulishika sana hilo. Mimi silishiki. Jeshi lilikuwa lake, maofisa walikuwa wake. Sun alitoroka akapanda manowari iitwayo Yongfeng, akakaa mtoni humo zaidi ya siku 50. Kijana mmoja ofisa, Chiang Kai-shek, alimfuata huko, na ule utiifu wa melini ndio uliompandisha baadaye hadi kuitawala China. Mke wa Sun, Song Qingling, alibaki nyuma ikuluni ili mumewe apate nafasi ya kutoka, kisha akakimbia kati ya risasi na walinzi wachache. Alikuwa mjamzito. Mimba ile aliipoteza.

Mama, umesema wewe ni Muganda. Mimi baba yangu alikuwa fundi wa reli kutoka upande wa Busia, tukiishi kota za reli pale Nsambya, nyumbani tukisema Kiswahili. Tarehe 24 Mei 1966 nilikuwa na miaka minane. Milio ilianza kutoka upande wa Mengo kabla hatujanywa chai. Mama alikuwa anafunga matooke kwenye majani; aliyaacha pale pale, kamba ikiwa bado mkononi, akatusukuma chini ya kitanda cha chuma, watoto wanne na mtoto wa jirani mmoja. Nakumbuka kutu ya springi mbele ya pua yangu. Baadaye ikaja mvua kubwa, ikapiga mabati mpaka tusijue ipi ni mvua na ipi ni bunduki. Ni mvua ile ile iliyomfunika Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, askari wa serikali walipoivamia ikulu yake ya Lubiri, naye akaruka ukuta na kupona. Siku nne kabla, Lukiiko, yaani baraza la Buganda, lilikuwa limeitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Mwaka uliofuata katiba mpya ikafuta falme zote.

Kwa hiyo najua kwa nini neno lile limekukaa moyoni. Lakini tazama vizuri mizinga inatoka wapi. Hapa kwetu serikali kuu ndiyo iliyomfyatulia aliyetaka federo, yaani kila sehemu ijitawale ndani ya nchi moja. Guangzhou aliyetaka majimbo ndiye aliyemfyatulia rais. Ndiyo maana siwezi kumtetea Chen usiku ule, ingawa mchana wake wote naupenda. Kutaka kwenu mjitawale si usaliti, mama. Ni hoja, na mtu ana haki ya kuitoa bungeni, gazetini, sokoni. Kosa la Chen ni kwamba siku ile hoja yake aliinyang'anya ulimi akaipa bunduki, na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kuisikiliza. Sun alikufa mwaka 1925, akageuka baba wa taifa kwa Wachina wa pande zote mbili, wale wa chama cha Kuomintang na wale wakomunisti. Ukishampiga mizinga baba wa taifa, nani tena atasoma katiba uliyoiandika? Watu wa federo katika China nzima walivishwa joho moja, la vibaraka wa wababe wa vita. Hayo ndiyo yanayoniuma.

Swali lako la pili nalijia mwisho.

SWALI: Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba wababe wa vita wa China walikuwa na majeshi makubwa kuliko serikali yenyewe. Nimekaa jeshini miaka 22. Mshahara ukichelewa mwezi mmoja tu, kambi yote unaisikia. Hao fedha za kulipa walizitoa wapi?
Afande mstaafu, Arua

JIBU: Afande, umegusa penyewe. Mkulima ndiye aliyelipa. Kodi ya ardhi ilikusanywa na aliyeshika wilaya, na akishamaliza ya mwaka huu alidai ya mwaka ujao. Huko Sichuan walifika kudai kodi ya miaka makumi mbele. Bidhaa ilitozwa kila kituo ilichopita. Kasumba, yaani afyuni, ilipandwa kwa amri na kutozwa kodi. Kamari ilitozwa. Noti zilichapwa bila chochote nyuma yake. Na aliyekuwa na njia ya reli alikuwa na kisima.

Hapo niruhusu kidogo, maana ni binti wa reli anayeandika. Jenerali Wu Peifu alilishwa na mapato ya reli ya Beijing hadi Hankou. Februari 1923 wafanyakazi wa njia hiyo walitaka kuwa na chama chao, wakagoma. Tarehe 7 askari wakawafyatulia. Pale Jiang'an kiongozi wao, Lin Xiangqian, alifungwa kwenye nguzo ya stesheni, akaamriwa awarudishe watu kazini, akakataa, akakatwa kichwa. Baba yangu aligoma mara moja katika maisha yake, akakatwa mshahara wa siku saba, na hadi anazeeka aliisimulia habari hiyo kwa fahari. Nikifundisha darasani habari ya Lin nilikuwa nasimama kwanza kidogo, ninywe maji.

Sasa rudi kwa Chen, uone kwa nini hazina yake ilikuwa nyepesi: kamari ilikuwa ikiingiza fedha nyingi Guangdong, naye aliifunga kwa hiari yake. Januari 1923 majeshi ya kukodi kutoka Yunnan na Guangxi yalimfukuza Guangzhou kwa niaba ya Sun, na meza za kamari zikarudi mjini pamoja nayo, maana askari hao walitaka kulipwa kama wako. Wala hao hawakuwa wabaya wa mwisho. Oktoba mwaka huo huo Cao Kun alinunua urais Beijing, kila mbunge dola 5,000 za fedha. Hundi zilionekana.

SWALI: Ni kweli Chen Jiongming aliwasaidia wakomunisti?
Mwanafunzi wa sekondari, Mbale

JIBU: Bila kukusudia, ndiyo, mwanangu. Alimwita Chen Duxiu, ambaye si ndugu yake ingawa ukoo unafanana jina, aje kusimamia elimu ya jimbo. Chama cha Kikomunisti kilipofanya mkutano wake wa kwanza Shanghai, Julai 1921, kikamchagua Chen Duxiu kuwa kiongozi, mwenyewe hakuwepo: alikuwa Guangzhou, kazini kwa gavana. Na kwao Haifeng elimu alipewa Peng Pai, mtoto wa tajiri wa mashamba, ambaye baadaye alichoma hati za ardhi yake mbele ya wakulima na kuanzisha chama chao. Uandike majina hayo mawili, mtihani huyapenda.

SWALI LA PILI LA MAMA WA KIKUUBO: Kuna cha kuona?

JIBU: Kipo, ila si Guangzhou. Baada ya 1923 Chen alishikilia upande wa mashariki ya jimbo, mpaka wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Whampoa, wakiongozwa na Chiang yule wa melini, walipouteka Huizhou Oktoba 1925. Akaenda Hong Kong. Huko aliongoza chama kidogo kiitwacho Zhi Gong, kilichoanzishwa na Wachina wa San Francisco, akaendelea kuandika jinsi China inavyoweza kuungana bila kumwaga damu. Alikufa huko tarehe 22 Septemba 1933, na fedha hakuacha. Jenerali aliyetawala jimbo lenye mamilioni ya watu, mama, na hakuwa na mali!

Walimzika Huizhou, kando ya ziwa wanaloliita Ziwa la Magharibi. Kaburi lipo hadi leo. Huizhou iko mashariki ya Guangzhou, unakwenda na kurudi siku moja, hata kontena likichelewa kidogo tu. Mchukue yule kijana, akusomee kilichoandikwa kwenye jiwe. Ukirudi Kampala niletee picha yake. Nitaiweka ukurasa huu, nikitaja kwamba imetoka Kikuubo.