Jibu: RX-8 inayokula mafuta, mwambie huyo fundi aweke koleo chini

Simama hapo hapo. Fundi asiguse kitu.

Umeandika kwamba umenunua Mazda RX-8 huko Goma, kila ukipima mafuta ya moteri unakuta yamepungua, na fundi amegundua "ugonjwa": kuna mirija myembamba inayoingiza mafuta ndani, na kesho anataka kuiziba ili gari liache kula. Kaka, kazi hiyo hiyo nilifanyiwa hapa Lubumbashi, tena kwa bei ya kirafiki. Urafiki ule uliondoka na moteri nzima. Msicheke, mke wangu ameshacheka kwa niaba ya jukwaa lote.

Huyo fundi anafikiria pistoni. Kwenye pistoni mafuta yako chini, krenki inayarusha kwenye ukuta wa silinda, segma zinayakwangua yarudi chini. Gari kama hilo likila mafuta sana, kweli kuna kitu kimechoka. Rotari, yaani moteri ya RX-8 yako isiyo na pistoni, haifanyi hivyo. Rota ni pembetatu yenye mbavu zilizotuna, inazunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane nene. Mafuta yanayopita ndani ya rota kazi yake ni kuipoza, na sili za duara za ubavuni zinayazuia yasivuke kwenda kwenye moto. Sasa tazama pembe tatu za rota. Kila pembe ina sili ya ncha, kipande chembamba cha chuma, unene milimita 2, urefu milimita 80, springi inakisukuma kigusane na ukuta muda wote. Nani anakipelekea mafuta? Ile pampu ndogo na hiyo mirija unayotaka kuziba. Tone linalainisha, halafu linaungua pamoja na esansi. Limeletwa liungue! Lita 1 kwa kilomita 1,500 hadi 2,500 si ugonjwa, ndivyo ilivyochorwa.

Na usidanganywe kwamba rota inakwenda polepole. Ni kweli inazunguka mara moja wakati shafti kuu ya moteri imezunguka mara tatu, kwa sababu gia ya meno 51 iliyo ndani ya rota inabiringika juu ya gia ya meno 34 iliyofungwa ubavuni, ambayo haisogei. Lakini shafti ikipiga 9,000 kwa dakika, rota inapiga 3,000, na ncha inasugua ukuta kwa zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Fikiria hiyo kavu. Kampuni ya NSU ya Ujerumani ilitoa gari la rotari, Ro 80, mwaka 1967 na sili hizi hizi ndizo zilizowarudisha wateja mlangoni wakilalamika, na hao ndio waliofanya kazi na Wankel mwenyewe, aliyebuni rotari. Wewe na fundi wako wa mazuti mtaiweza?

Fundi wangu simtaji jina. Kwa Land Cruiser na malori ni bingwa, hilo simnyimi. Ila kwa rotari alinieleza kwa uhakika wa padri aliye mimbarini, akakata mirija, akaziba kwa skrubu. Taa ya dashibodi haikuwaka, maana pampu iliendelea kuzunguka na kompyuta haina habari tone linaishia wapi. Mafuta kwenye stiki ya kupimia yakawa hayashuki tena. Nikamsifu mbele za watu, nikamletea wateja!

Halafu likaanza kukataa kuwaka likiwa moto. Asubuhi sawa, mchana shida. Siku moja nimezima kwenye peaji, pale pa kulipia barabara, njia ya Likasi, nitafute chenji, basi, likagoma mpaka lilipopoa, nyuma yangu foleni ya malori na matusi ya lugha zote za Katanga. Fundi akaja na geji yake ya kompresheni, ya kupima moteri inavyokandamiza hewa, ile ya pistoni, akasoma namba nzuri: "Rota nzima, mkubwa, hii ni betri." Nikanunua betri. Nikanunua na stata.

Hapa ndipo namchukia hasa. Rota moja ina nyuso tatu, kila uso una kompresheni yake. Geji ya pistoni ina valvu inayoshika namba ya juu kuliko zote na kuficha nyingine. Sili moja ikifa, nyuso mbili zinazopakana nayo zinavuja, wa tatu unabaki mzima, na geji inakuonyesha huo mzima tu! Kama huna kipimo cha rotari, bonyeza kitufe cha geji kiachie hewa muda wote, kata esansi, kanyaga aksela hadi mwisho, moteri iwe moto, piga stata, utazame mshale. Lazima uruke mara tatu kwa kimo kimoja, tena na tena. Wangu uliruka mara moja, ukasinzia mara mbili.

Kwa kipimo chenyewe cha rotari, kiwango cha chini cha RX-8 ni kilopaskali 680 shafti ikizungushwa 250 kwa dakika, na nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya 150. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Goma iko juu kama mita 1,500, punguza karibu asilimia 15 kabla ya kulia.

Tulipofungua, ukuta uliotakiwa kung'aa kwa kromu ulikuwa na michirizi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na karibu na matundu ya buji kromu ilikuwa imebanduka kabisa. Ukuta huo haukwaruzwi kwa msasa ukapona, ni kununua mwingine. Fundi akaangalia, akasema, "Esansi ya siku hizi mbaya." Esansi!

Kwa hiyo iache ile mirija. Beba lita moja kwenye buti, pima kila unapojaza esansi. Ukiwa na wasiwasi kwamba pampu haitoshi, ongeza mafuta ya tu-stroki kwenye tangi, mililita 250 kwa lita 50, nyongeza tu, mirija ikiendelea na kazi yake.

Ulikuwa umeuliza pia kuhusu giaboksi, na usukani wa kulia sijui nini, wengine watakujibu. Fundi akifika kesho, fungueni boneti, piga picha mirija ilivyo kabla hajagusa kitu, uiweke hapa.