Kwa anayeanza modeli za maji: kiangazi kwanza

Ukipewa kutengeneza modeli ya kompyuta inayokadiria mtiririko wa mito ya bonde kama la Usangu, kusini mwa Tanzania, usikimbilie makadirio ya hali ya hewa ya mwaka 2050. Kwanza modeli yako ieleze kwa nini Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na kwa nini hali hiyo imekuwa ikijirudia kila kiangazi kikikolea.

Wageni wa kazi hii huponzwa na alama ya Nash-Sutcliffe, inayoonyesha modeli inalingana kiasi gani na mtiririko uliopimwa mtoni (1 ni kulingana kabisa). Ikifika 0.8, ripoti inaanza kuandikwa. Alama hiyo hukokotolewa kwa kipeo cha pili cha tofauti kati ya modeli na vipimo, kwa hiyo mafuriko ya Machi ndiyo yanayoiamua. Modeli inaweza kupatia msimu mzima wa mvua na bado ikaonyesha mto unatiririka Novemba, wakati viboko wanabanana kwenye madimbwi. Kokotoa alama ya pili kwa logi ya mtiririko (siku za sifuri ziongezee tarakimu ndogo, la sivyo logi itagoma), kisha chora kiangazi peke yake.

Halafu mifereji. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani, na mengi ya maji yake ya kiangazi huchepushwa mashambani kabla ya kufika kinamasi cha Ihefu. Usipoiweka mifereji kwenye modeli, programu itavuta vigezo vya udongo mpaka vifiche pengo hilo. Grafu itapendeza, lakini siku utakapobadilisha mvua, jibu litakuwa la uongo. Ratiba ya kufungua na kufunga malango ya mifereji huipati kwenye setilaiti. Kaa na viongozi wa jumuiya za watumia maji, uwaulize nani hufunga lini, na nani hafungi kabisa.

Kwenye picha za setilaiti za Landsat, mpunga na kinamasi hufanana sana mashamba yakiwa na maji. Tumia picha za misimu miwili. Vituo vya mtoni navyo, ambavyo hukadiria mtiririko kutokana na kina cha maji, uliza vilipimwa upya lini: mchanga ukihama, kina kilekile hakimaanishi tena maji yaleyale.

Hapo ndipo uendeshe modeli mara nne: ardhi ya zamani na mvua ya zamani, ubadilishe ardhi tu, ubadilishe mvua tu, kisha vyote. Athari ya ardhi ukiijumlisha na ya mvua, mara nyingi hupati athari ya vyote viwili. Tofauti hiyo ipe safu yake kwenye jedwali, usiigawe kimyakimya ili hesabu zifunge.