Eti samaki si bubu?

SWALI: Habari za kazi. Nimesikia kuna watu wanatega maiki chini ya bahari wanasikiliza samaki. Hivi samaki si bubu jamani? Na kama wana sauti, utajuaje ni samaki gani anayelia na huko chini ni giza tupu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Samaki sio bubu hata kidogo, aina zaidi ya 900 zimeshathibitishwa kutoa sauti, wengi wanatikisa kwa misuli ule mfuko wa hewa ulioko tumboni kama mtu anapiga ngoma, wengine wanasaga meno.

Hiyo maiki inaitwa haidrofoni. Inafungwa pamoja na rekoda na betri, inateremshwa chini na kuachwa wiki kadhaa hata miezi, inarekodi tu usiku na mchana, maji yawe machafu au kuwe na giza haijali, na hakuna samaki anayevuliwa wala kusumbuliwa. Mimi hapo ndo ninapoipendea. Sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya hewani.

Sasa kumjua mwenye sauti, hiyo ndo kazi yenyewe. Rekodi inageuzwa kuwa picha inaitwa spektogramu, muda unaenda kulia na masafa yanapanda juu, yaani sauti nzito ziko chini na nyembamba ziko juu. Utaona vistari vingi vimesimama wima kama mvua, hao ni kamba wanadatua magando, sauti za samaki wengi ziko chini kabisa ya picha, chini ya hezi 1,000 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Kuna mmoja wa pwani ya California anaitwa midshipman, dume anajificha chini ya jiwe usiku anaita majike, anavuma kama hezi 100 kwa saa nzima bila kukata, kwenye picha unaona mstari umenyooka tu. Miaka ya 1980 watu wa Sausalito wanaoishi kwenye boti walikosa usingizi wakidhani ni mashine!

Ili kuhakikisha, anawekwa kwenye tanki peke yake anarekodiwa, au kamera inategwa pamoja na haidrofoni. Kompyuta siku hizi zinasaidia kuchambua ila lazima kwanza uzipe sauti ambazo mwenyewe anajulikana, na nyingi bado hazina mwenyewe.

Faida yake kubwa ni kwa samaki kama chewa, wanaokusanyika kutaga siku chache tu za mwaka, madume wakianza kunguruma unajua wamefika, na hapo ndo pa kuzuia uvuvi. Ila rekodi ikiwa kimya usiseme samaki hawapo, wengi wanalia msimu wa kuzaana tu.