Msimamizi kakurudishia pepa ya Majimaji? Anza na tanbihi

Mdogo wangu, umesema unaandika pepa ya mwaka wa pili kuhusu Vita vya Majimaji (watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907), msimamizi kakurudishia na kuandika pembeni "vyanzo dhaifu", na rejea zako nyingi ni tovuti pamoja na desa la kozi. Hao waliokushauri uongeze vitabu vitatu mwishoni ili orodha inenepe wanakupoteza. Aliyeisoma mada hiyo miaka yote anakijua kitabu kilichosomwa na kilichobandikwa tu.

Mimi niliisotea mada hii hii nilipokuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sehemu iliyonifundisha kutafuta vyanzo ni idadi ya waliokufa. Ijaribu hiyo kwanza. Tovuti moja itakwambia 75,000, nyingine 300,000, na zote zinaongea kwa kujiamini kabisa. Usichague inayokupendeza. Uliza nani kasema, kisha mfuate mpaka umkute. Ile 75,000 ni makadirio ya upande wa Wajerumani. Ile ya 250,000 hadi 300,000 utaikuta kwa mwanahistoria John Iliffe, kwenye historia yake kubwa ya Tanganyika iliyotoka 1979, lakini ukishuka chini ya ukurasa unaona hakuipiga hesabu yeye, anamtaja Gwassa. Na G.C.K. Gwassa ni nani? Ni mtu aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu vita hivyo hapo hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1973, ikaja kuchapwa kuwa kitabu Ujerumani mwaka 2005. Yaani namba unayoinakili kutoka tovuti ya Ulaya imetokea Mlimani! Ukishafika kwa Gwassa unaweza kuandika aya nzima: nani alikadiria nini, na kwa nini namba zinapishana hivyo, hasa ukizingatia kwamba wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Aya hiyo msimamizi hawezi kuirudisha.

Ndiyo maana nasema anza na kitabu kimoja kizuri, uishi kwenye tanbihi zake, yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja vyanzo. Tanbihi zinakurudisha nyuma. Ukitaka kwenda mbele, kuona nani kaandika baada yake, fungua Google Scholar, ile Google ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, andika jina la kitabu, halafu bonyeza pale panapoonyesha waliokinukuu. Ndani ya saa moja utakuwa na majina yanayojirudia. Jina likijirudia mara kwa mara, hilo lisome.

Sasa kwenye katalogi. Wengi wanaandika "Tanzania Majimaji", wanaona matokeo mawili, wanafunga kompyuta na kusema maktaba haina kitu. Mwaka 1905 Tanzania haikuwepo. Jaribu "German East Africa", jaribu "Deutsch-Ostafrika" (jina la koloni hilo kwa Kijerumani), jaribu "Tanganyika". Jaribu "Maji Maji" ikiwa imeachanishwa, na yenye kistari. Kisha badilisha neno la vita: wapo wanaoandika "rebellion", wapo wa "uprising", wapo wa "rising", na kila mmoja ana msimamo wake ndani ya neno hilo. Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, angalia vichwa vya mada ambavyo mkutubi amekiwekea kwenye katalogi, bonyeza hapo. Kisha nenda rafuni, usome migongo ya vitabu jirani. Maktaba inayotumia Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, inaiweka historia ya Tanzania kwenye 967.8.

Kama uko Dar, nenda East Africana, sehemu ya maktaba ya Mlimani yenye maandiko ya Afrika Mashariki. Mwambie mkutubi swali lako, siyo jina la mada. Ukimwambia "nataka Majimaji" atakuonyesha rafu. Ukimwambia "natafuta ushahidi wa wazee waliohojiwa kusini" atakuelekeza kwenye kazi za mradi wa 1968, ambapo wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Wanafunzi kama wewe, mdogo wangu. Piga picha ukurasa wa jina la kitabu kabla ya kupiga kurasa unazozihitaji, la sivyo utabaki na picha kibao kwenye simu zisizo na mwenyewe.

Kuna mdau hapo juu kasema jarida lolote lenye ISSN ni la kuaminika. Hapana mkuu. ISSN ni namba ya utambulisho tu, hata jarida la mapishi linayo. Yapo majarida yanayotoza pesa na kuchapisha chochote ndani ya siku chache. Angalia nani wako kwenye bodi ya wahariri, na kama makala zake zinanukuliwa na hao wenye majina yanayojirudia. Kwa historia yetu, Journal of African History, iliyoanza 1960, ni pa kuanzia. Makala zake ziko JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, na kama chuo chako kimelipia, ingia kwa mtandao wa chuo badala ya kumaliza bando lako ukigonga milango iliyofungwa.

Halafu chanzo cha zamani si lazima kiwe cha kweli. Gavana von Götzen, aliyekuwa madarakani vita vilipolipuka, alichapisha kitabu chake mwaka 1909. Kitumie, lakini kama ushahidi wa gavana alivyotaka aeleweke. Kiweke kando ya maneno ya wazee kwenye mkusanyo wa Gwassa na Iliffe wa 1968, uone wanapokubaliana na wanapoachana. Mkusanyo wenyewe ni kijitabu chembamba, unakimaliza jioni moja.

Ukishaandika upya hiyo aya ya vifo, iweke hapa. Humu kuna walimu wa historia watakaokuangalizia kabla hujairudisha kwa msimamizi.